Vioo vya Akiba Kwenye Kopo la Biskuti

Stuli ya pili ilikaa upande wa dirisha, mbele ya hadubini yenye vichwa viwili. Kichwa kimoja alikichungulia Daktari. Kile kingine kilikuwa cha yeyote ambaye Daktari angependa aone anachokiona yeye. Kwa miaka sita Mama Pacha aliipangusa vumbi stuli ile kila asubuhi, na hakuna hata siku moja aliyoambiwa aikalie. Halikumuuma, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiikalia. Kisha akaja Digrii, na wiki ya pili tu, Daktari akaipigapiga stuli kwa kiganja na kumwita, njoo uone hii.

Tangu siku hiyo Mama Pacha alipangusa miguu ya stuli tu. Pa kukalia akapaacha na vumbi lake.

Jina la Digrii alilitunga yeye mwenyewe, jikoni kwa wafanyakazi, siku binti huyo alipoleta vyeti vyake vimewekwa kwenye fremu. Watu walicheka, jina likanata. Mwenyewe alipolisikia aliinua mabega tu, akasema ni afadhali, shuleni alikuwa akiitwa Njiti. Hilo nalo lilimuudhi Mama Pacha. Mtu unamrushia jiwe, yeye analiokota na kulifanya pambo.

Mama Pacha hakuwa na fremu. Maabara ile aliiingia na fagio na ndoo, akawa anafagia huku jicho liko kwenye mashine ya kukatia, mpaka fundi wa zamani akamwambia kama anataka kujua aende akasome. Akaenda, masomo ya jioni, mwaka mzima na nusu, mikono ingali inanuka dawa ya sakafu. Cheti chake kilikuwa ndani ya bahasha, juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa, pengine kidogo kama punje ya ufuta, kinazamishwa kwenye nta mpaka kiwe kibonge kigumu kama kipande cha sabuni. Kibonge kinafungwa kwenye mashine, unazungusha gurudumu, kisu kinachukua vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Vinatoka vimeshikana kama utepe. Unaulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni, unauchota kwa kioo, unautia rangi, ndipo Daktari anaangalia na kusema ni ugonjwa gani. Mkono ukitetemeka, kipande kinakunjamana, na mgonjwa anasubiri wiki nyingine. Mkono wa Mama Pacha haukutetemeka. Zamani Daktari alikuwa akipaza sauti kutoka chumbani kwake, nani kakata hii, na wote wanajua anasifu. Maneno hayo matatu yalimshibisha mpaka jioni.

Siku hizi Daktari alikuwa akiuliza mambo mengine. Alikuwa akiuliza rangi maalumu zimefikia wapi, na rangi hizo alizijua Digrii peke yake.

Digrii alileta na sheria pia. Kioo chochote kisichoandikwa kwenye daftari kitupwe, kisije kikachanganywa na cha mgonjwa mwingine. Ilikuwa sheria ya maana, wote wakaitia saini. Mama Pacha naye akatia saini, kisha akaendelea na tabia yake ya miaka yote. Kila akikata kinyama kidogo, alichota vipande vya ziada kwenye vioo viwili vitatu, akaviandika namba kwa penseli, akaviweka bila rangi ndani ya kopo la biskuti kwenye droo, chini ya sweta. Mwalimu wao wa jioni ndiye aliyewafundisha hivyo. Aliwaambia kinyama kikiisha hakiombwi tena kwa mgonjwa kama chumvi kwa jirani.

Jumatatu moja kikaja kinyama kutoka kwenye pafu. Fomu ilisema mwanamke, miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa chekechea, hajawahi kuvuta sigara. Ametibiwa pumu miaka mitatu, kisha kifua kikuu miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha wadudu, na sasa anakohoa damu. Wameshusha mrija wenye kamera kifuani, wakakuta uvimbe mwekundu kama maharage umeziba njia ya hewa ya pafu la kulia. Wameuchuna kidogo, ukatoa damu nyingi.

Mama Pacha alikikata vizuri, akaweka vioo vyake vitatu kwenye kopo. Daktari aliangalia kioo chake asubuhi nzima, hakuuliza nani kakata. Alimwita Digrii kwenye stuli. Mama Pacha, akijifanya anapanga chupa kwenye kabati la jirani, alisikia yote.

Seli zile zilikuwa zimebanwa na koleo, zimevutika kama wino uliopanguswa kwa kidole. Zilikuwa ndogo na nyeusi. Daktari alieleza kwamba zaweza kuwa saratani ya seli ndogo, ile inayokimbia kama moto wa petroli, ambayo kwa kawaida haifanyiwi upasuaji, mgonjwa anawekewa dripu za dawa kali haraka iwezekanavyo. Lakini moto wa aina hiyo hausubiri miaka mitatu. Kuna nyingine, nadra, inaitwa kasinoidi. Katika saratani za mapafu mia labda utapata moja au mbili. Hiyo inakua polepole, inakaa ndani ya njia ya hewa na kumfanya mtu apige mluzi akipumua, ndiyo maana inadhaniwa pumu. Ukiikata yote, mara nyingi mtu anapona kabisa. Zikibanwa namna hii, zote mbili zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Wa kuwatenganisha ni rangi maalumu inayozipa ukahawia seli zinazogawanyika. Kioo kikijaa kahawia ni ile mbaya. Nukta zikiwa chache, ni kasinoidi.

Wodini aliwapa jibu la awali, kwamba inaelekea ni seli ndogo, ila wasubiri. Digrii akaambiwa akate vipande vipya, avitie rangi zake. Mama Pacha aliendelea kupanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha pangika.

Alhamisi asubuhi Mama Pacha ndiye aliyekuwa kwenye mashine, akisawazisha vibonge vipya. Kazi hiyo mashine inawekwa kwenye namba ishirini, ili vipande vinene vya nta vitoke upesi. Ukimaliza unairudisha nne, namba ya kukatia kinyama chenyewe. Kabla hajairudisha, kengele ya dirisha la majibu ikalia.

Dirishani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Alimsalimu, akataja jina lake, na Mama Pacha akalijua kutoka kwenye fomu. Kila akivuta pumzi, kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, upande mmoja, kama birika linalotaka kuchemka. Aliona Mama Pacha anasikiliza, akacheka.

“Watoto wangu shuleni wananiita Mwalimu Filimbi,” alisema. “Tukicheza kujificha mimi ndiye wa kwanza kukamatwa. Hata nikijifungia kabatini wananisikia.”

Alikuja kuuliza kama majibu ya mwisho yametoka. Wodini wamemwambia Jumatatu anaanza dripu, na kwamba amwachishe mtoto ziwa, maana dawa ile inapita kwenye maziwa. Ana miezi minane tu, alisema, chupa anaitema, anamtazama kama amemkosea. Angependa kujua kama ni lazima, kabla hajaanza kumnyima. Mama Pacha, ambaye nguo yake mwenyewe ililowa maziwa kila ikifika saa nne, alimwambia bado, kesho huenda.

Aliporudi ndani, Digrii alikuwa amekaa kwenye mashine. Kibonge cha Mwalimu Filimbi kimefungwa, mkono uko kwenye gurudumu. Namba ilikuwa bado ishirini.

Mama Pacha alifungua mdomo. Wakati uleule Daktari akapita mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama, akasema kwa upole kwamba leo hana wasiwasi, kibonge kiko kwenye mikono salama.

Mikono salama. Wivu ulimpanda Mama Pacha kama maji ya moto, ukaanzia tumboni ukafika masikioni. Miaka sita sifa ya mikono ilikuwa yake. Akafunga mdomo. Akasimama palepale, nyuma kidogo, akatazama gurudumu likizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Akafika kumi. Alijiambia huyo ana digrii, ataona mwenyewe.

Digrii aliona, lakini alichelewa. Utepe ulitoka mnene, umejikunja kama maranda ya mbao. Alisimama, akatazama namba, akairudisha nne, akakata tena. Safari hii utepe ulitoka mwembamba na mzuri, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nta tupu, safi, kama mshumaa; kinyama chote kilikuwa kimeliwa na vile vipande vinene.

Daktari hakugomba. Alivua miwani, akaiweka mezani, akampigia simu daktari wa mapafu kuomba kinyama kingine. Sauti ya upande wa pili ilisikika chumba kizima. Hapana, mara ya kwanza mama yule alitoka damu nusura amfie mikononi, hashushi tena mrija pale. Kama maabara haina kitu kingine, basi jibu ni lile la awali, seli ndogo, na dripu zinaanza Jumatatu.

Digrii alikwenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Mama Pacha alikaa mezani kwake akijisikiliza, akitafuta ile raha aliyoitegemea. Ilikuwepo kidogo, haikatai. Lakini ilikuwa na ladha ya sarafu mdomoni.

Jioni alimsimulia mumewe wakati wanawaogesha mapacha, huyu mmoja na yule mmoja, kwenye beseni moja. Baba Pacha alikuwa seremala. Mama Pacha alisimulia kwa madoido, akaiga mwendo wa Digrii usio na sauti, akaiga miwani ya Daktari inavyovuliwa. Ile ya yeye kuiona namba akaipitia juujuu, kama mtu anayeruka dimbwi. Mumewe aliielewa mashine upesi, maana randa nayo ni hivyohivyo, ukiiacha kwenye kina inakula mbao ukitazama. Alimpaka sabuni mtoto mgongoni, akafikiri.

“Na mbao yenyewe ilikuwa ya nani?” aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya, alitaka tu hadithi ikamilike. Mama Pacha alitaka kujibu, akajikuta anasikia mluzi wa birika. Pacha mmoja akaona matiti ya mama yapo karibu, akayarukia na povu lake lote, naye akampa, sabuni kwa sabuni, mpaka maji yakapoa.

Ndani ya kopo la biskuti mlikuwa na vioo vitatu vya kinyama kile. Alikuwa akilijua hilo tangu asubuhi. Alilijua wakati Daktari anapiga simu. Angevitoa, sheria aliyoitia saini ingemsuta. Angevitoa, rangi zingetiwa na Digrii, jina kwenye jibu lingekuwa la Digrii, na stuli ingebaki ya Digrii mpaka siku ya kiama.

Ijumaa alifika kabla ya wote. Daktari na Digrii walipoingia walikuta kopo la biskuti mbele ya hadubini, mahali ambapo huwezi kulikosa. Mama Pacha aliwaambia ni vipande vya yule mwalimu, alivikata Jumatatu, havijatiwa rangi. Aliwaambia pia ni kinyume cha sheria na anajua. Daktari alivichukua akaviinua kwenye mwanga wa dirisha, kimoja kimoja. Kwenye kila kioo kulikuwa na alama nyeupe tatu, kama makombo ya ute wa yai lililochemshwa, zimenyooka mstari.

Tatizo ni kwamba vilikuwa vioo vya kawaida, visivyopakwa gundi ya kushikilia kipande. Rangi ya Digrii inataka kioo kichemshwe kwanza, na kwenye kioo cha kawaida kipande huweza kubanduka na kwenda na maji. Digrii akasema wavioke kwenye joto dogo saa nzima, huenda vikashika. Wakavitia ndani, wakakaa wawili kwenye benchi mbele ya tanuri dogo, kama watu wanaosubiri mkate.

“Dada, asante,” alisema Digrii.

“Usinishukuru,” alisema Mama Pacha. “Jana niliiona ile namba. Ishirini niliiacha mimi, na nikaiona kabla hujazungusha. Nikanyamaza.”

Digrii aligeuka akamtazama. Tanuri likatoa mlio wake mdogo, likanyamaza.

“Ungeniambia tu,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nilidhani nimeua mtu. Usiku kucha nimehesabu mizunguko.”

“Kumi,” alisema Mama Pacha. “Mimi nilihesabu palepale.”

Digrii alivaa glavu, akavitoa vioo, na kwa wiki kadhaa zilizofuata hakumwita tena dada.

Kioo cha kwanza kilipochemshwa, vipande vyote vitatu vilibanduka na kuzunguka ndani ya maji kama mba. Mama Pacha aliona mkono wa Digrii umeanza kutetemeka, mkono uleule aliokuwa akiuombea utetemeke. Akamsogelea. Akamwambia apunguze moto, maji yasiruke, yacheze tu, na asikitoe kioo kwa koleo bali akiache kipoe mlemle. Hayo hakuyasoma popote, aliyajua kwa kulaza tepe majini miaka sita. Cha pili kilipoteza vipande viwili, kikabakiza kimoja kilichopasuka katikati. Cha tatu kilishika vyote.

Ilipofika alasiri, rangi ilikuwa tayari. Daktari akakaa kwenye kichwa chake cha hadubini, akaipigapiga stuli bila kutazama ni nani yuko nyuma yake. Digrii akasogea hatua moja, akasimama.

“Akae yeye,” alisema kwa sauti kavu. “Ni vioo vyake.”

Stuli ilikuwa na vumbi kingoni, pale ambapo nguo ya Digrii haikupafuta. Mama Pacha aliliona kabla hajakaa, vumbi lake mwenyewe la miezi mitatu, na aibu ikamtekenya shingoni. Akakaa hivyohivyo. Akaweka macho.

Alikuwa amekata maelfu ya vipande maishani mwake, na hakuwahi kuviona vikiwa vikubwa namna ile. Uwanja mzima wa seli, duara za bluu zimejipanga kama sakafu ya vigae. Daktari alisogeza kioo polepole, akamwambia ahesabu za kahawia kwa sauti. Akatafuta. Kulikuwa na moja kwenye kona. Daktari akasogeza. Hakuna. Akasogeza. Hakuna. Moja. Walihesabu bluu elfu moja, Digrii nyuma yao akibonyeza mashine ya kuhesabia, na za kahawia zilikuwa kumi na moja.

Daktari alivua miwani. Safari hii aliipangusa tu, akairudisha. Alisema huyu mama hapewi dripu Jumatatu. Huyu anapelekwa kwa mpasuaji.

Mama Pacha alienda mwenyewe dirishani kumsubiri. Mwalimu Filimbi alipokuja hakumpa majibu, maana hiyo si kazi yake. Alimwambia Daktari anaongea na wodi sasa hivi, apande juu akayasikie kwa daktari wake, na kuhusu ziwa, asimnyime mtoto leo. Mama yule, kifua kikipiga filimbi, akamshusha mtoto mgongoni palepale dirishani, akampa.

Wiki tatu baadaye kikaja chombo kutoka chumba cha upasuaji. Ndani mlikuwa na sehemu ya juu ya pafu, na kipande cha njia ya hewa kama mrija mfupi, uvimbe umekaa ndani yake mwekundu na mviringo, maharage kweli. Mpasuaji alikuwa amekata juu na chini yake, akaziunga ncha mbili za njia ya hewa, pafu lililobaki likaendelea kupumua. Kazi ya maabara ilikuwa kuhakikisha kwenye zile kingo hakuna kilichobaki, na kwenye matezi vilevile. Digrii alikata, Mama Pacha akiwa kando. Kabla ya kuzungusha gurudumu, Digrii alisema kwa sauti, nne. Mama Pacha akajibu, nne. Wakaifanya desturi. Kingo zilikuwa safi, matezi safi. Mwalimu angerudi kupigwa picha za kifua kila baada ya muda, miaka mingi, lakini dawa za dripu hakuhitaji.

Kopo la biskuti nalo likahama kutoka droo likaenda rafuni. Kwenye daftari Digrii alichora safu mpya kwa rula, akaandika juu yake “akiba”. Siku hiyohiyo, akiomba kalamu, alisema, dada, nipe hiyo.

Msije mkadhani wivu wa Mama Pacha uliisha. Wivu ni kama mafua ya watoto, ukidhani umeyamaliza kwa huyu yanaanza kwa yule. Digrii akikaa kwenye stuli mara mbili mfululizo, Mama Pacha bado alihesabu. Tofauti ni kwamba sasa alihesabu kwa sauti, na Digrii alikuwa akimjibu kwamba mara ya tatu ni yake, asimtoe roho.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, kengele ya dirisha ililia. Alikuwa Mwalimu, mtoto mgongoni amenenepa, kovu limefichwa chini ya blauzi. Akavuta pumzi wasikie. Hapakusikika kitu, kama mtu yeyote. Alisema watoto wake shuleni wamemlalamikia. Juzi walicheza kujificha, akakaa nyuma ya pazia mpaka wakaanza kulia, ikabidi ajitokeze mwenyewe.

Alikuwa na kadi kubwa iliyochorwa na darasa zima, pafu la kijani lenye miguu na uso unaocheka. Akaomba imfikie Daktari. Juu yake waliandika kwa herufi za chekechea, zingine zimegeukia nyuma: ASANTE DAKTARI KWA KUMKATA MWALIMU WETU VIZURI.

Daktari, ambaye hakuwa amekata kitu chochote tangu enzi za chuo, alifurahi mpaka masikio yakasogea. Aliibandika kadi juu ya hadubini, akarudi nyuma, akaitazama kwa kichwa kilichoinama upande.

Mlangoni, Mama Pacha na Digrii walisimama bega kwa bega.

“Kukata,” alisema Digrii kwa sauti ya chini. “Yeye.”

“Vizuri,” alisema Mama Pacha.

Wakatazamana. Roho ziliwauma wote wawili kwa wakati mmoja, tena kwa jambo moja, na raha ya kuumwa pamoja hivyo Mama Pacha hakuwahi kuionja kabla. Kisha kengele ya dirisha ikalia tena, kuna kinyama kingine kimekuja, na kabla ya kwenda alinyoosha mkono kwenye mashine akairudisha nne.